Mirabaha (malipo ya kutumia wimbo) ya zilipendwa: ni ya mtunzi, ya bendi au ya redio iliyorekodi?

Mtoa mada:
Wakuu, Jumapili nilikuwa msibani Magomeni. Marehemu alipiga gitaa la solo kwenye bendi moja kubwa ya miaka ya 1970, na nyimbo tatu ninazozijua alizitunga mwenyewe, maneno na muziki. Tumekaa mkekani, daftari la michango linazunguka, elfu mbili, elfu tano, ipatikane sanda na gari la kwenda makaburini. Duka la jirani wamefungulia redio, kipindi cha zilipendwa. Ukapigwa wimbo wake. Mtangazaji akataja bendi, akataja mdhamini wa kipindi, basi. Mwanawe akainuka kwenda kuomba redio izimwe.

Msimamo wangu: wimbo ni wa aliyeutunga, na sera iseme hivyo bila kumung'unya maneno. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mtunzi uhai wake wote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe alifariki Januari 1979. Pigeni hesabu: ulinzi wa tungo zake unakwisha 2029. Mwenzake Marijani Rajab alifariki 1995, kwa hiyo warithi wake wana mpaka 2045. Wengine muda unawayoyomea huku nyimbo za wazee wao zinapigwa kila wiki. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza, fundi mitambo mstaafu:
Pole kwa msiba, mwanangu. Ila enzi zile kiwanda cha santuri hapa nchini hakikuwepo. Bendi zilikuja studio za RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam, waimbaji na vyombo wanarekodi kwa pamoja, mmoja akikosea mnaanza upya. Umeme, tepu, mafundi, vyote vya umma. Bila tepu zile usingekuwa na cha kudai leo. Na wengi walikuwa waajiriwa. NUTA Jazz ilimilikiwa na chama cha wafanyakazi, Mlimani Park ilikuwa chini ya DDC, Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Mtu alipokea mshahara. Seremala wa shirika hadai meza aliyoitengeneza kazini.

Mtoa mada:
Shikamoo mzee wangu. Meza ikishauzwa imeuzwa. Wimbo unapigwa leo, na tangazo linauzwa juu yake leo hii, kwa bei ya leo.

Tusichanganye tepu na tungo. Aliyerekodi ana dai lake kwenye tepu, simnyang'anyi, na nyinyi mliozitunza tepu hizo mnastahili heshima ambayo hamkupewa. Lakini kurekodi wimbo si kuutunga. Kwenye ajira ndipo umenishika, nakiri, maana mwajiri ana dai kwa kazi iliyofanyika kazini. Sasa mkataba uko wapi? Wanamuziki wale walihama bendi hii kwenda ile, wakihama na tungo kichwani, na wengi hawakuwahi kuwekewa mbele karatasi ya kusaini. Ninachotaka kiingie kwenye kanuni ni hiki: pasipo mkataba wa maandishi, tungo ihesabiwe ya mtunzi. Anayepinga ndiye alete ushahidi, si mjane.

Na kila kituo cha redio kipeleke orodha ya nyimbo kilizopiga ikiwa na jina la mtunzi. Jina la bendi peke yake halitoshi, bendi haina watoto wa kusomesha. Wenzetu Kenya mwaka 2022 walirekebisha sheria yao wakaandika kabisa kwamba mapato ya miito ya simu, mwenye haki asipate chini ya asilimia 52. Unaweza kubishana na hiyo namba, lakini ikishaandikwa kwenye sheria msanii haendi kuomba hisani, anakwenda kudai chake.

Mchangiaji wa pili, mwenye baa, Mbeya:
Mimi niko upande wa wanaolipa. Leseni ya muziki nalipia kila mwaka na sijawahi kulalamika. Ila hakuna aliyewahi kuniuliza napiga nyimbo za nani. Kwangu wikiendi ni Sikinde na Msondo, yaani hao hao Mlimani Park na NUTA, mpaka kufunga. Hela yangu inagawanywa kwa kufuata nini?

Baada ya kusoma hapa jana nilimpa DJ daftari aandike kila wimbo na mtunzi wake. Mpaka tunafunga ameandika nyimbo 41. Watunzi aliowajua ni 9, na kijana huyo amepiga muziki huu miaka 12.