Ofisi ya pamoja Nairobi, mwajiri yuko New York: nipime nini kabla ya kulipa mwezi mzima?

Zamu_ya_Usiku
Hamjambo wadau. Kazi ni ya kampuni ya New York, mikutano ya video minne au mitano kwa siku. Nimeona ofisi mbili za pamoja, moja Westlands, nyingine Ngong Road. Zote zinasifia waifai yao. Niangalie nini hasa?

Fundi Waya
Anza na saa, waifai baadaye. Saa tatu asubuhi ya New York ni saa kumi jioni hapa. Kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba hadi ya pili ya Machi, ni saa kumi na moja. Kwa hiyo utatoka saa sita au saa saba usiku. "Tuko wazi saa 24" mara nyingi ni kwa wenye dawati la kudumu, wa kulipia siku hutolewa jioni. Uliza kadi yako inafungua mlango wa chini hadi saa ngapi. Halafu nauli ya teksi ya usiku zidisha mara 22, yaani siku za kazi za mwezi, uone kama bei bado ni nafuu.

Lipa siku moja kwanza, Jumanne au Jumatano kukiwa kumejaa. Usipime kupakua tu, pima na kupakia: mkutano wa watu wengi wenye picha safi hutaka Mbps 3 au 4 kila upande. Kisha acha ping, kipimo cha muda data inaochukua kwenda na kurudi, ikimbie dakika kumi. Milisekunde 200 na ushee hadi New York ni umbali tu, hazina neno. Zikiruka hadi 600 na kurudi, sauti itakatika hata kama kasi ni Mbps 100.

Stima ikipotea, jenereta huchukua sekunde kadhaa kushika. Laptopu ina betri, haitajua. Ruta ikizimika, ni dakika mbili tatu kabla ya kurudi hewani. Omba kuona kabati la mitambo. Ruta utaikuta kwenye UPS (betri ya akiba), sawa, lakini fuata waya wa kile kisanduku cheupe cha faiba: mara nyingi kimechomekwa ukutani moja kwa moja, na hapo UPS haina kazi.

Mama Kebo
Naongezea kwa Fundi: uliza kama wana laini mbili, na zinapita kebo gani baharini. Mei 2024 kebo za EASSy na Seacom zilikatika pamoja, kwa hiyo kampuni mbili tofauti si kinga kama zote zinategemea njia moja.

Vibanda vya simu navyo viingie ukae dakika 20 mlango umefungwa. Feni ikiwa mbovu utaloa jasho. Vya kioo kitupu hurudisha mwangwi, basi beba hedseti yenye maiki ya mdomoni.

Zamu_ya_Usiku
Asante sana, mama. Na usalama wa mafaili?

Fundi Waya
Kwenye Windows weka mtandao huo kuwa wa umma, zima kushiriki mafaili, washa VPN ya kampuni, ile njia ya siri inayoficha data yako. Ukienda kuchukua chai, Windows+L. Printa ya pamoja usiitumie kwa mikataba, nyingine huhifadhi nakala.

Mama Kebo
Na bei uliyotajiwa, uliza kama ina VAT ya asilimia 16 ndani. Ukitaka kuihesabu kama gharama KRA (mamlaka ya kodi), dai ankara ya eTIMS, mfumo wao wa ankara za kielektroniki, yenye PIN yako ya kodi siku hiyohiyo. Mwisho wa mwaka watakuzungusha.