Re: Breki ya mkono kwa wanaohamia Sheffield

Ndugu wanajumuiya,

Salamu kwenu nyote. Dada aliyeuliza kama inatosha kuweka gari la otomatiki kwenye P (gia ya kuegesha) na kushuka, kama tulivyozoea Dar es Salaam na Nairobi, ninamjibu kwa kirefu kwa sababu swali lake linawahusu wengi wanaofika Uingereza wakiwa madereva wazoefu. Haitoshi. Sheria za barabarani za hapa zinamlazimu dereva kuzima injini na kufunga breki ya mkono kabla ya kuliacha gari lake.

Gari la otomatiki likiwa kwenye P, kinacholizuia ni kipande kidogo cha chuma ndani ya giaboksi, ambacho hujipachika kati ya meno ya gurudumu la ndani na kulifunga lisizunguke. Mahali tambarare kipande hicho hakina kazi kubwa, lakini kwenye mteremko uzito wote wa gari hukilalia, na ndiyo sababu baadhi ya magari hutoa mshindo yanapotolewa kwenye P. Utaratibu unaokilinda ni kukanyaga breki ya mguu, kuweka gia kwenye N (gia huru), kuvuta breki ya mkono, kuachia mguu taratibu hadi gari litulie, na hapo ndipo kuweka P. Anayeanza na P, akaachia mguu, halafu akavuta breki ya mkono, amekwisha kukibebesha kipande kile mzigo, na breki anayoivuta baadaye haiupunguzi hata kidogo.

Sheffield ni mji wa vilima vikali. Barabara ya Jenkin Road, ambayo waendesha baiskeli wa Tour de France waliipanda mwaka 2014, ni mfano mmoja tu. Ukiegesha gari likitazama juu ya kilima, geuza usukani ili tairi za mbele zielekee katikati ya barabara, na kama ni gari la manyuo, yaani la kubadilisha gia kwa mkono, liache kwenye gia namba moja. Likitazama chini, tairi zielekee kwenye ukingo na gia iwe ya rivasi. Gari likiponyoka, tairi zitagota ukingo na kusimama, kazi ambayo kwetu hufanywa na jiwe. Gia ina umuhimu wake hata kama breki imevutwa kwa nguvu, kwa kuwa diski zilizopata moto safarini husinyaa zinapopoa, na breki inaweza kulegea saa moja baada ya dereva kwenda zake.

Kwenye foleni nako kuna desturi ambayo wageni wengi hawaambiwi. Magari yakiwa yamesimama, dereva anatakiwa kufunga breki ya mkono, na gari la nyuma likishasimama, aondoe mguu kwenye breki ili taa zake nyekundu zisimuumize macho aliye nyuma, hasa usiku na wakati wa mvua. Ni ustaarabu mzuri, na ninawasihi tuufuate.

Leseni ya Tanzania au ya Kenya inamruhusu mkazi mpya kuendesha kwa miezi 12. Baada ya hapo sharti afanye mtihani wa hapa. Huenda akatakiwa kuondoka kwenye mlima akiwa na gari la manyuo: aachie klachi hadi injini ianze kulemewa, aongeze mafuta kidogo, ndipo aachie breki, bila gari kurudi nyuma. Anayefanya mtihani kwa gari la otomatiki hupewa leseni ya otomatiki pekee.

Magari mapya yana kitufe badala ya mkono wa kuvuta. Hakikisheni taa ya breki hiyo imewaka kwenye dashibodi kabla ya kushuka.

Wenu,
Msomaji wa Sheffield

——

Ndugu,

Ninashukuru kwa maelezo hayo, na ninaomba kuongeza neno kwa tulioko Edmonton na miji mingine ya Kanada yenye baridi kali. Maji yakipenya ndani ya gamba la waya wa breki ya mkono, huganda usiku na kuufanya ukwame, na pedi zilizolowa theluji zinaweza kugandana na diski. Kwa hiyo baridi inaposhuka sana, na gari likiwa mahali tambarare kabisa, wengi hapa huliacha kwenye P, au kwenye namba moja kama ni manyuo. Kwenye mteremko breki ifungwe vilevile. Ikikwama, washeni injini ipate moto kwanza, kisha jaribuni kusogea mbele na nyuma polepole. Msimwage maji ya moto kwenye gurudumu, kwa maana huganda upya muda mfupi baadaye. Waya ambao gamba lake limepasuka ubadilishwe gereji kabla ya Novemba.

Msomaji wa Edmonton