Siku ya 61 tangu nipandikizwe uloto: harusi ya mdogo wangu niende au nisiende?

Kaka Mkubwa
Wakuu habari za jioni. Nina miaka 34, naishi Tabata. Nilipandikizwa uloto, ule ute wa ndani ya mifupa, India kwa ajili ya saratani ya damu, leo ni siku ya 61. Mdogo wangu anaoa Jumamosi, ukumbi uko Sinza, watu 250. Kwamba nikae mbali na msongamano nilishaambiwa, hilo najua. Swali langu ni dogo tu: nikivaa barakoa, nikakaa meza ya mlangoni, nikaondoka kabla ya chakula, kuna ubaya gani? Matusi sitaki.

Kibonge wa Ilala
Uondoke kabla ya chakula? Sasa harusini unafuata nini mkuu? Lete kadi, nitakuwakilisha kwenye pilau.

Bint Kigamboni
Pole kaka. Ila harusi za siku hizi ni kero. Kamati inakaa miezi mitatu kama Bunge la bajeti, mchango usipotoa unatolewa kwenye grupu. Mwaka juzi nilichangia harusi tisa, ndoa zilizosimama hadi leo ni mbili. Usiende, na wala usijutie.

Mama Wawili
Mwanangu alikuwa na selimundu, akapandikizwa Dodoma pale Benjamin Mkapa, dada yake ndiye aliyempa. Miezi ile sitaki hata kuikumbuka. Nilikuwa nachemsha hadi vijiko. Kachumbari hakuna, mtindi hakuna, embe naosha kwanza ndiyo namenya. Kuku wa mama mkwe waliuzwa wote, akabaki jogoo mmoja aliyehamishiwa kwa jirani, na kila alfajiri alikuwa anatuwikia kama anadai kesi. Jirani huyo huyo akaanza kuvunja ukuta, ikabidi tuhame wiki mbili, maana vumbi la ukuta hubeba mbegu za ukungu, na ukungu ukiingia kwenye mapafu ya mtu asiye na kinga ni balaa. Kaka, hapo kwako hakuna anayejenga?

Jicho Kavu
Ngojeni kwanza. Siku ya 61 mtu yuko Tabata? Baba yangu mdogo alipandikizwa huko huko India, wakamwambia asitoke karibu na hospitali hadi siku ya 100. Mleta mada, Dar umefikaje? Na uloto ulipewa na nani?

Kaka Mkubwa
Aliyenipa ndiye bwana harusi. Tuko wanne, yeye peke yake ndiye aliyelingana nami kwenye vipimo. Alikaa kwenye mashine saa nne mkono umenyooka, anatania kwamba nikitoka pale nitakuwa Yanga kama yeye. Hata damu yangu inabadilika, nilikuwa O, vipimo vya mwisho vinaonyesha inaelekea B ya kwake.
Kuhusu kurudi, hela ya pango iliisha. Nikasaini karatasi yao, nikaondoka siku ya 50. Dawa zote ninazo na nguvu zipo, asubuhi natembea hadi Barakuda.

Jicho Kavu
Hahaha, hii chai imezidi sukari. Kundi la damu linabadilishwa kama laini ya simu? Subirini, sasa hivi inakuja namba ya kuchangia. Mod funga uzi.

Kibonge wa Ilala
Na mimi naisubiri hiyo namba. Chai bila kitafunwa haipandi.

Nesi Mstaafu
Jicho Kavu, ungeuliza kwanza. Linabadilika. Uloto ni kiwanda cha damu. Kiwanda kikiwa cha mdogo mtu, kinachotoka humo ni cha mdogo mtu. Chembe nyekundu za zamani huishi siku kama 120, ndiyo maana inachukua miezi. Wanacholinganisha wao ni HLA, alama ambazo kinga hutumia kutambua chembe za mwili wake, si kundi la damu, na kwa ndugu wa baba na mama mmoja bahati ni 1 kati ya 4.
Sasa wewe Kaka Mkubwa. Harusi hii unaijua tangu zamani, kwa nini unauliza leo Alhamisi usiku? Joto umepima lini? Na ule mrija wa kifuani wa kupitishia dawa umeshatolewa?

Kaka Mkubwa
Mrija bado upo. Joto jana usiku lilikuwa 38.2. Nikameza panadol, likashuka, nikaamka mzima. Ni uchovu tu, juzi nilienda Kariakoo kujaribu suti. Barakoa nilivaa.

Mama Wawili
Kariakoo! Yesu wangu.

Nesi Mstaafu
Panadol haijatibu kitu, imekufichia namba. Dawa inayozuia chembe za mdogo wako zisikushambulie ndiyo hiyo hiyo inayolaza kinga yako. Kwa mtu kama wewe usitegemee kikohozi wala usaha, homa inaweza kuwa dalili pekee, na vijidudu vikishaingia kwenye damu havisubiri kesho. Usinunue dawa ya malaria dukani. Nenda Muhimbili usiku huu, beba dawa zako zote na karatasi za India. Foleni usikae. Ukifika dirishani sema: "Nimepandikizwa uloto, siku ya 61, nina mrija, nina homa." Kwa mpangilio huo huo.

Kaka Mkubwa
Nitaenda kesho asubuhi, mama ndiyo kwanza amelala. Mkinielewa lakini, nikilazwa leo, Jumamosi imeshapita. Mtu amenipa uloto wake, mimi nishindwe kumpa saa moja ukumbini?

Bint Kigamboni
Kaka, pima tena. Sasa hivi, kabla hujajibu.

Jicho Kavu
Mimi niko Segerea, gari ninalo. Nitumie ulipo PM. Kama ni chai, nitainywa hapo hapo getini kwako.

Kaka Mkubwa
38.6. Nimekutumia.

Mzee wa Kilwa
Sijasoma yote ila wewe nenda tu mkuu, ndugu ni ndugu. Ukumbi gani huo wa Sinza?