Hadithi ya ajabu baada ya mafuriko: nifanyeje msomaji asikimbilie jini?

Mwandishi wa Kigogo

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaandika hadithi fupi inayotokea Kigogo, Dar es Salaam, wiki chache baada ya mafuriko ya Desemba 2011, na ninaomba ushauri wa wanaosoma na kuandika hadithi za namna hii. Mhusika wangu ni mama anayeuza chai na maandazi kibarazani kwake. Maji yameshaondoka, tope limezolewa kwa sufuria na mabeseni, godoro limeanikwa juu ya bati, na ukutani umebaki ule mstari wa kahawia ambao kila aliyewahi kuingiliwa na Mto Msimbazi anaujua: juu yake rangi ni ileile ya zamani, chini yake ukuta umevimba na unabanduka ukiugusa kwa kucha. Ajabu yenyewe ni kwamba mstari huo unaendelea kupanda. Kila usiku unapanda upana wa kidole, ilhali nyumba ni kavu. Familia haipigi kelele. Inahamisha vitu tu, kwanza redio, kisha picha ya harusi, kisha kalenda, na alfajiri mama anakanda unga kama kawaida.

Tatizo ni kwamba kila niliyempa rasimu amefika katikati akaniambia, "Hilo ni jini la mtoni, huyo mama asomewe dua." Wakishalipata jini, hawaoni tena ajabu yoyote, wanasubiri mganga atokee. Mimi sikukusudia jini, wala uchawi, wala ndoto ambayo mtu anaamka mwishoni. Nilitaka jambo lisilo na maelezo likae ndani ya nyumba pamoja na watu ambao hata hivyo wana sare za shule za kufua. Je, nimzuieje msomaji wa Kiswahili asikimbilie jini? Na je, ni haki kuleta ajabu katika maafa yaliyoua watu wapatao 40?

Mwalimu wa Fasihi

Usimzuie. Mletee jini mapema, tena wewe mwenyewe. Uswahilini, nyumba yenye mstari unaopanda haiwezi kukaa siku mbili bila jirani kulitaja jini, na hadithi isiyo na jirani huyo itaonekana imeandikwa na mtu aliyepita Kigogo akiwa ndani ya gari. Basi jirani aje na kauli yake, ustadhi aje asome Yasini, apewe chai, aage kwa heshima, na usiku huo mstari upande upana wa kidole kama jana. Nakusihi usimdhihaki ustadhi. Alichofanya ni ibada na ni ujirani mwema, na hadithi ikimcheka itakuwa imechukua upande ambao haina haja ya kuuchukua.

Baada yake mlete fundi. Fundi aseme kwamba tofali linafyonza unyevu kutoka ardhini na kuupandisha, jambo ambalo ni la kweli kabisa na linaonekana katika nyumba nyingi za mabondeni zisizo na kizuizi cha unyevu kwenye msingi. Aukwangue ukuta, apige plasta mpya ya saruji, alipwe. Asubuhi mstari uwe juu ya plasta. Hapo maelezo ya dini na maelezo ya ujenzi yote yatakuwa yamepewa nafasi yake na yameshindwa, na msomaji atabaki na yule mama na kalenda yake, kwa sababu hana pengine pa kwenda. Tena msidhani kwamba wasomaji wetu hawaliwezi jambo hili: tangu Euphrase Kezilahabi alipotoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, wanafunzi wamekuwa wakizisoma riwaya ambazo hazimwambii mtu alipo wala kwa nini yupo hapo.

Mhamiaji wa Mabwepande

Mimi ni mmoja wa waliotolewa bondeni na kupewa kiwanja Mabwepande, pembezoni mwa jiji, kwa hiyo nitajibu swali la pili, ambalo Mwalimu amelipita kimya.

Sipingi ajabu. Ninachopinga ni mto wenye hiari yake. Katika rasimu nyingi za mafuriko mto "unakasirika," mto "unadai chake," na mambo yakishafika hapo hakuna binadamu wa kuulizwa swali. Mvua ya Desemba 2011 ilikuwa kubwa kweli. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema haijaonekana ya namna hiyo Dar es Salaam tangu mwaka 1954. Lakini Msimbazi unatoka milima ya Pugu ukipita katikati ya jiji ambalo mabati na saruji yake hayanywi maji, unabeba mchanga na taka hadi unajaa kina chake wenyewe, na unaingia baharini karibu na Daraja la Selander, mahali ambapo bahari ikiwa imejaa maji ya mto hayapati njia ya haraka. Hakuna jini hapo, na hakuna hasira. Kuna bonde, na kuna watu tuliojenga humo kwa sababu kutoka humo mtu anatembea kwa miguu hadi Kariakoo.

Kwa hiyo mstari wako ni mzuri kuliko mto unaosema, maana mstari ni alama tu na haulaumu mtu. Ila usiuache ndani ya nyumba peke yake. Baada ya maafa kila kitu ni orodha: orodha ya waathirika, orodha ya viwanja, baadaye zile alama nyekundu za X kwenye kuta za nyumba zinazotakiwa kubomolewa. Utoe mstari huo nje, ukutane na fomu. Na kama mama atahamia Mabwepande, kishawishi kitakuwa kuufanya mstari umfuate mpaka huko. Usikubali. Nyumba mpya iwe na ukuta msafi kabisa, na mama ashindwe kujua kalenda aitundike wapi.

Msomaji wa Tabata

Naongeza jambo moja kuhusu haki. Tetemeko la Kobe, Japani, la tarehe 17 Januari 1995 liliua zaidi ya watu 6,000, na mwandishi Haruki Murakami alipolitungia hadithi sita, zilizotoka kama kitabu mwaka 2000, hakuna hata moja aliyoiweka Kobe. Zote zinatokea Februari 1995, mahali pengine, kwa watu ambao tetemeko wameliona kwenye televisheni au gazetini, na katika mojawapo mfanyakazi wa benki anarudi nyumbani akamkuta chura mrefu kuliko mtu akimtengenezea chai. Waliokufa hawakugeuzwa mapambo ya ajabu hiyo. Ndiyo maana ningependa uondoe usiku wa mafuriko, kama umeuandika. Sisi wenyewe tuna nafasi kama hiyo: tope liliposhuka Mlima Hanang na kuifunika sehemu ya mji wa Katesh tarehe 3 Desemba 2023, watu wengi wa Dar es Salaam tulilitazama sebuleni tukiwa tumeshika sahani za wali. Hadithi ya mtu huyo wa sebuleni bado sijaisoma popote.

Mwandishi wa Kigogo

Nashukuru sana. Usiku wa mafuriko ulikuwamo, kurasa mbili nzima zenye watu juu ya mapaa, na nimeuondoa. Ustadhi na fundi wanaingia. Mabwepande sitafika, kwa sababu hadithi yangu inaishia kabla viwanja havijagawiwa, ingawa ule ukuta msafi ninauonea wivu. Fomu nimeijaribu hivi:

"Afisa aliuvuta utepe kutoka sakafuni hadi mstarini, akasoma, akaandika. Mama akamwambia, 'Jana ilikuwa chini kidogo, mwanangu.' Afisa akaitazama fomu, akaigeuza upande wa pili, akairudisha. 'Mama, hapa pana nafasi ya namba moja tu.' Mama akamkaribisha chai."

Mwalimu wa Fasihi

Hapo umeshapata hadithi. Namba moja tu inatosha kubeba maneno yote niliyotaka fundi ayaseme, kwa hiyo fundi mpunguzie mazungumzo.

Mhamiaji wa Mabwepande

Ni nzuri, lakini utepe ni wa ofisini. Kwetu hakuna aliyeingia ndani na utepe. Alikuja mjumbe wa nyumba kumi na daftari la shule, akasimama mlangoni kwa sababu ya tope, akauliza kila nyumba swali lilelile: "Maji yalikufika wapi, magotini au kiunoni?" Jibu likaandikwa kwa neno, si kwa namba. Mweke mjumbe badala ya afisa, maana mjumbe anamfahamu mama, anakunywa chai yake kila asubuhi, na hawezi kumwambia kwamba hana akili timamu. Kisha uamue: ikiwa Jumatatu mstari ulikuwa kiunoni na Ijumaa uko kifuani, mjumbe atafuta neno la kwanza, au ataandika la pili pembeni yake?