Mjadala: Ruzuku ya viuatilifu ifutwe, au mkulima afundishwe kwanza?

Naanza na msimamo wangu, mnipinge: tunamlaumu mkulima bure kwa kupuliza viuatilifu, yaani dawa za kuua wadudu, kupita kiasi. Anayemshauri kuhusu wadudu mara nyingi ndiye anayemuuzia dawa, na muuzaji gani atamwambia akakague shamba kwanza? Anayemwambia asubiri buibui na nyigu wawaangamize wadudu waharibifu anaonekana anacheza kamari na chakula cha watoto wa mwenzake.

Indonesia ilikata mzizi. Mwaka 1986 ilipiga marufuku viuatilifu 57 kwenye mpunga, kisha ikapunguza ruzuku hadi ikaifuta mwaka 1989, mashamba darasa, ambako wakulima hujifunza pamoja shambani, yakaanza kwa msaada wa FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo. Sababu ilikuwa wazi: dawa iliwaua buibui wanaowala wadudu wafyonzaji, wale wanaonyonya utomvu wa mpunga, huku mayai ya wafyonzaji yakibaki salama ndani ya mpunga. Kadiri walivyopuliza, ndivyo wadudu walivyozidi. Ruzuku ilipoondoka, uzalishaji wa mpunga haukuporomoka. Fedha hizo ziende kwa maafisa ugani.

*

Napinga. Sri Lanka mwaka 2021 ilifungia mbolea na viuatilifu vya viwandani kwa mkupuo. Mwaka haujaisha ikarudi nyuma, na mavuno ya mpunga yaliyofuata yakashuka. Wanasiasa wakisikia "futa ruzuku", hilo ndilo watakalofanya.

*

Sri Lanka ilifungia na mbolea, tena bila kumwandaa mtu, kwa hiyo tusiilinganishe na Indonesia. Wasiwasi wangu ni mwingine. Shamba darasa moja hubeba watu wachache, na elimu ya kukagua wadudu kwa macho haisambai kwa kusimuliana. Nikiacha kupuliza halafu jirani akapuliza ovyo, nyigu wangu wanakufa pia. Halafu msimu wa kwanza ukiharibika, nani analipa?

*

Kwenye shamba darasa eneo hugawanywa: upande mmoja hupulizwa kama kawaida, upande wa pili hukaguliwa kwanza, dawa ikitumika pale tu inapobidi. Upande huo ukiharibika, hasara ni ya darasa. Kwenye ekari zake mwenyewe mkulima yuko peke yake, kwa hiyo fidia ya msimu wa mpito iandikwe kwenye mpango uleule unaofuta ruzuku. Na jirani tusimwache nje: wenye mashamba yanayopakana waingie darasa moja, hata kama ni kwa kuwabembeleza.