Hundi nibebe mimi, picha apige yeye! Nimechoka na darasa letu

Kiatu Kimoja (mwenye uzi):

Wakuu, naandika hapa vumbi la safari liko bado kwenye viatu. Sijaoga, sijala, na pole zenu sizitaki.

"Ndugu wa hundi, hebu sogea pembeni kidogo, unatuharibia picha."

Nimeambiwa mimi hayo, kwenye mahafali ya shule tuliyosoma. Kwenye kipaza sauti. Mbele ya mgeni rasmi, walimu, wazazi, na watoto wa kidato cha sita waliokaa juani na majoho ya kukodi. Aliyesema wote tunamjua, simtaji. Kama hukusoma pale, basi kwenye darasa lenu yupo wa kwenu: yule ambaye shuleni paredi ilikuwa inamkuta bafuni, leo ndiye anafungua kundi la WhatsApp kila asubuhi na "Amkeni wanafamilia" na maua sita.

Tulikubaliana tuwachangie wahitimu wanne, wana kichwa lakini nyumbani hakuna kitu, wapate pa kuanzia chuo. Mimi nilitoa laki mbili, mkupuo mmoja. Yeye alitoa ahadi. Ahadi iko kwenye orodha tangu Januari, na tiki kajiwekea mwenyewe.

Sasa ule mfano wa hundi, lile bango la futi sita kwa tatu. Nani aliliprinti? Mimi, Kariakoo, elfu 85 ya mfukoni. Nani alilibeba? Saa 11 alfajiri niko stendi ya Magufuli pale Mbezi, konda ananiambia halikunjiki, buti limejaa, likae kiti. NIKALILIPIA NAULI. Hundi imekaa dirishani inaangalia mandhari, mimi nimekaa upande wa njia, kila breki inaniinamia begani kama bibi harusi. Chalinze nimekula sambusa kwa mkono mmoja ili mwingine usipate mafuta nikaichafua.

Tumefika. MC anaita wanafunzi wa zamani wapite mbele. Nimeshika kona ya kulia, nimevuta tumbo ndani, nimetabasamu. Ndipo akatokea, hajabeba hata msumari, tai nyekundu imefika magotini. Akaingia katikati, akapokea kipaza sauti. "Ndugu wa hundi..."

NDUGU WA HUNDI! Mtu nimelala naye kitanda kimoja cha dabodeka miaka miwili, yeye juu mimi chini, kila alichodondosha usiku kiliniangukia mimi. Leo jina langu halijui.

Na kinachoniuma zaidi, nilisogea. Nilisogea wakuu! Mama mmoja wa kitenge akaniambia "pole baba, njoo ukae hapa", akanipisha nusu ya benchi.

Picha imeshawekwa kwenye kundi. Mimi ni vidole vinne na kiwiko.

Mama Kachori: Nimeiona hiyo picha jamani 😂😂 Nilidhani ni stendi ya hundi.

Jino la Pembe: Vidole vimetoka vizuri lakini. Kucha safi. Hongera mkuu.

Chumvi Nyingi: Futi sita kwa tatu unapanda nayo basi la watu? Ungeprinti hukohuko mkoani. Unajitafutia mateso halafu unatuletea sisi.

Kiatu Kimoja: Chumvi, hoja si basi. Hoja ni kwamba nimeambiwa SOGEA. Kwenye kipaza sauti.

Mzee wa Kopo: Mimi niko kwenye hilo kundi, nauliza kitu kimoja. Hundi imeandikwa milioni 5. Taarifa ya benki aliyotuma mweka hazina juzi inasoma 1,740,000. Hiyo nyingine iko wapi?

Kiatu Kimoja: Tarakimu aliagiza yeye. Alinitumia meseji, "weka 5, inajaza picha." Hilo waulizwe viongozi, mimi sihusiki. Turudi kwenye kusogezwa.

Mzee wa Kopo: Mkuu, zaidi ya milioni tatu hazipo na wewe unalia na kona ya picha??

Kiatu Kimoja: Hukuwepo. Hukuona alivyonyoosha kidole.

Nyau wa Mbagala: Mnatoa ufadhili kwenye mahafali, mtihani Mei, matokeo Julai. Mtoto akipata ziro mtamnyang'anya?

Mama Kachori: Wanaangalia matokeo ya mock, Nyau.

Nyau wa Mbagala: Mock! Mimi mock nilipata divisheni wani, NECTA, baraza la mitihani, ikanipa jina jingine kabisa.

Jino la Pembe: Halafu ada ya kidato cha tano na sita si ilifutwa 2022? Mnachangia nini sasa?

Mzee wa Kopo: Soma uzi, Jino. Ni ya kwenda chuo. Kuna mtoto anapata mkopo wa bodi lakini nauli ya kufika chuoni hana, na boom, ile hela ya kujikimu, haliji siku ya kwanza. Wiki mbili tatu za mwanzo ndizo zinawarudisha watoto nyumbani.

HGL Milele: Waliopewa ni wa mchepuo gani?

Mzee wa Kopo: PCM wawili, PCB mmoja, CBG mmoja.

HGL Milele: NILIJUA. Wa sayansi vichwa wana Samia Scholarship tangu 2022, serikali inawabeba hadi mlangoni. Sisi wa History na Geography tulifiwa na nani? Darasa lenu nusu ni wanasheria na walimu wa Kiswahili, mchango mnatoa nyie, zawadi inaenda kwa fizikia.

Chumvi Nyingi: Mngesoma fizikia.

HGL Milele: Wewe uliyesoma fizikia unauza vocha.

Chumvi Nyingi: Na zinauzika.

Dada Mkatwa: Mimi naomba niseme la kwangu maana limenikaa kooni. Bodi inanikata asilimia 15 ya mshahara. Kumi na tano! Ilikuwa 8, ikapanda 2016, mimi ndiyo kwanza nimepata ajira. Mshahara ukiingia unapiga hodi, unaondoka. Halafu tarehe 25 hiyohiyo mwenyekiti wa darasa letu ananipigia, "dada, tuwainue wadogo zetu." Mimi ndiye mdogo wenyewe! Niinueni mimi!

Mama Kachori: 😂😂😂 Dada Mkatwa umeniua.

Nyau wa Mbagala: Shukuru Mungu ile asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo waliifuta 2021. Mimi deni lilikuwa linazaa kama sungura, nalipa mwaka mzima naangalia salio limeongezeka.

Dada Mkatwa: Darasa letu lilimfadhili kijana mmoja, akachukua hela akanunua simu kubwa kuliko ya mwenyekiti. Mwenyekiti akataka kikao cha dharura.

Jino la Pembe: Sisi tulipeleka magodoro kumi. Mwaka uliofuata tumeenda, tumeyakuta nyumba ya mwalimu wa zamu.

Kiatu Kimoja: Wakuu, tunatoka nje ya mada. Jamaa hajaomba radhi mpaka sasa. Kaandika kundini "shukrani kwa wote waliofanikisha, hata waliobeba vitu vidogovidogo." FUTI SITA KWA TATU.

Chumvi Nyingi: Ungekataa kusogea.

Kiatu Kimoja: Nilishikwa na bumbuwazi.

Mama Kachori: Tuje kwenye jambo la maana. Wali uliisha au haukuisha? Dada yangu ana mtoto pale, anasema wazazi wa viti vya nyuma waliletewa soda ya moto na nusu kipande cha keki.

Mzee wa Kopo: Uliisha saa nane. Meza kuu ilirudi mara mbili. Tai nyekundu niliiona na sahani ya pili, kuku mapaja mawili.

HGL Milele: Mapaja mawili na ahadi hajalipa. Huyo sasa anasomesha tumbo.

Dada Mkatwa: Wa kwetu anabeba na ya kupeleka nyumbani. Kwenye mfuko wa zawadi za wahitimu.

Fundi Saa: Habari zenu. Mwenye uzi, hilo bango liko wapi sasa hivi?

Kiatu Kimoja: Nimerudi nalo. Niliwaachia nini? Liko nyuma ya kabati, mke wangu ananuna.

Fundi Saa: Nina mahafali ya chekechea Jumamosi, Tabata. Unakodisha? Tarakimu nitabandika karatasi juu, na jina la darasa lenu pia.

Kiatu Kimoja: Elfu 30 kwa siku. Usafiri wako.

Fundi Saa: Watoto wa chekechea hao mkuu. Ishirini.

Kiatu Kimoja: Ishirini na tano, na lisirudi na mafuta.

Fundi Saa: Nimekuja inboksi.