Kafukuzwa kwa mdomo dukani Kariakoo, mkataba wa maandishi hana. Aanzie wapi?

Kaka_wa_Ilala
Wakuu, salaam. Naulizia kwa niaba ya mdogo wangu. Ni muuzaji kwenye duka la vifaa vya umeme Kariakoo, ana miaka 3 na miezi 8 pale, mshahara 390,000 kwa mwezi, siku sita kwa wiki. Jumatatu iliyopita tajiri kamwambia, "Kuanzia leo kaa nyumbani, hesabu za mzigo hazieleweki." Barua hakuna. Mkataba ulikuwa wa mdomo, mshahara unaingia kwa M-Pesa. Likizo za nyuma alienda, ya mzunguko huu bado. Sasa tajiri anasema apite wiki ijayo "wayamalize". Asubiri? Na anadai nini hasa?

Mezani_CMA
Mkuu, kuongea na tajiri si vibaya, ila siku zinakimbia. Shauri la kuachishwa kazi isivyo halali linapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Ni siku za kalenda, Jumapili zimo. Ahadi za "njoo wiki ijayo" hazisimamishi hesabu hiyo. Ukichelewa unaanza na maombi ya kuongezewa muda, unaeleza kila siku iliyopita ilipita kwa nini, na hapo mashauri mengi mazuri hufia mlangoni.

La kufanya leo, kabla hata ya fomu: amwandikie tajiri ujumbe mfupi wa WhatsApp au SMS. "Tarehe fulani uliniambia nisije tena kazini. Naomba barua inayoeleza sababu." Basi, bila matusi wala maelezo marefu. Aliyefukuzwa kwa mdomo hushindwa mara nyingi kwa sababu mwajiri anafika Tume na kusema, "Mimi sikumfukuza, alitoroka." Kutokuwepo kazini zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa ni kosa kubwa la nidhamu, kwa hiyo ujumbe huo ndio unaoziba tundu. Autume kwa namba ileile waliyozoea kuwasiliana, na simu asiiuze wala kuibadilisha.

Halafu fomu ya kufungulia shauri, CMA F.1. Inatolewa bure, na kufungua shauri hakuna ada. Atumie ofisi inayohudumia eneo alikofanyia kazi. Kariakoo ni Ilala. Mambo matatu yanayoharibu fomu:

Jina la mlalamikiwa. Asiandike jina la kwenye bango la duka. Achukue risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) ya duka hilo, pale juu kuna jina lililosajiliwa na TIN, namba ya mlipakodi. Tuzo, yaani uamuzi wa Tume, yenye jina lisilo sahihi ni kazi ngumu kuitekeleza.

Sehemu B. Hiyo ni ya mashauri ya kuachishwa kazi tu, na ndipo anapoeleza kwa nini sababu na utaratibu havikuwa halali. Wengi wanairuka.

Nakala. Mwajiri lazima apewe nakala na asaini, ndipo Tume ipokee ikiwa na uthibitisho huo. Akikataa kusaini, itumwe kwa rejista ya posta na stakabadhi itunzwe.

Kukosa mkataba wa maandishi kusimtishe. Ni wajibu wa mwajiri kumpa mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, na asipoweza kuyaonyesha, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi unamwangukia mwajiri huyo. Aombe taarifa ya miamala ya M-Pesa, na taarifa ya michango ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) kama ilikuwa inakatwa.

HesabuZaHaki
Nijazie upande wa pesa. Kwa siku sita kwa wiki, mshahara wa mwezi unagawanywa kwa 26: 390,000 ÷ 26 = 15,000 kwa siku.

Kiinua mgongo ni siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Ana mitatu, ile miezi 8 haihesabiwi hapa: 15,000 × 7 × 3 = 315,000.
Likizo ya mzunguko huu, siku moja kwa kila siku 13 alizofanya kazi. Miezi 8 ni kama siku 208, yaani siku 16: 240,000.
Notisi kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28, na kwa kawaida hudaiwa mshahara wa mwezi: 390,000.

Jumla 945,000, ongeza siku alizofanya kazi mwezi huu na cheti cha utumishi. Fidia ya kuachishwa isivyo halali ni juu ya hapo, wala si badala yake. Ndiyo maana "wayamalize" ya laki tatu isimpendeze haraka.

Afisa_Utumishi
Kwa waajiri wanaosoma uzi huu: hata kama mzigo kweli umepotea, huyo tajiri kajiweka pabaya. Thibitisho la kwamba kuachishwa kulikuwa halali ni juu ya mwajiri. Alipaswa kuchunguza, kumpa barua ya tuhuma, kumwachia saa zisizopungua 48 ajiandae, kisha kumsikiliza mbele ya mwenyekiti asiyehusika na tuhuma, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mtu wa chama cha wafanyakazi wa kumsaidia. Uamuzi uandikwe ukiwa na sababu. Duka la watu wanne haliwezi kufanya kikao cha benki, sawa, lakini kusikilizwa hakuepukiki.

Kaka_wa_Ilala
Ahsanteni sana. Tajiri sasa anataka asaini karatasi ya "kuacha kazi kwa hiari" ndipo ampe 300,000.

Mezani_CMA
Asisaini hiyo. Akishasaini kwamba kaacha mwenyewe, hoja ya kufukuzwa inakuwa ngumu mno. Akipewa pesa apokee, na kwenye karatasi aandike kwa mkono wake: "Nimepokea 300,000 kama sehemu ya madai yangu," na tarehe. Wakitaka kumaliza kabisa, wamalizie mbele ya msuluhishi, makubaliano yaandikwe hapo. Na tarehe ya usuluhishi asikose: mlalamikaji asipofika shauri linaweza kufutwa, mwajiri asipofika linaweza kuamuliwa bila yeye. Wakili si lazima, anaruhusiwa mwakilishi anayemchagua.